Nyongeza ya Babu Ghorofa

Kila asubuhi kabla ya chai, Mzee Elimringi hutoka hadi kwenye nguzo ya geti lake pale Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, saa mkononi na kipande cha chaki mfukoni. Basi la kwanza la Dodoma likipita, anatazama saa, anaandika kwenye nguzo: 7. Siku nyingine 12. Siku nyingine 31, na hiyo anaiandika kwa kukandamiza chaki mpaka inavunjika. Ni dakika ambazo basi limechelewa. Akimaliza anarudi ndani kunywa chai yake, na kesho yake anafuta kwa kiganja, anaandika upya.

Hakuna aliyemtuma. Mwanzoni watu walisema mzee kachanganyikiwa na baridi ya Ulaya. Baadaye wanaopakia magunia pale Bonga wakaanza kuisoma ile nguzo, wakagundua kwamba Jumatatu basi huwahi na Ijumaa huchelewa, wakaacha kuamka bure. Siku hizi akiugua mafua, kuna watu wanapiga hodi kuuliza ya leo ni ngapi.

Alikuwa dereva wa basi Uingereza, miaka ishirini na nane, kwenye mji mmoja wa kaskazini ambako anasema jua huchomoza kama mtu aliyelazimishwa. Basi lake lilikuwa la ghorofa. Aliporudi mwaka 2008 akawaeleza watu sokoni Babati kwamba aliendesha basi lenye ngazi ndani, abiria wengine wamekaa juu ya kichwa chake. Wakamwuliza kama wale wa juu walikuwa wanalipa kodi ya pango. Tangu siku hiyo yeye ni Babu Ghorofa, na geti lake ukiliuliza kwa jina la Elimringi hulipati.

Kwao ni Machame. Lakini mkewe, Bibi Ester, alikuwa Mgorowa wa hapahapa Bonga, na walipostaafu alimwambia mumewe kwamba baridi ya Uingereza imemtosha, ya Machame hataki hata kuionja. Wakajenga Bonga. Bibi Ester alifariki miaka minne iliyopita, kaburi lake liko nyuma ya nyumba karibu na migomba, na Babu akitoka anaaga huko kwanza. Anamwambia anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Nimemsikia.

Jumanne na Jumamosi huja sokoni kwetu. Shangazi yangu, Mama Damasi, anauza nafaka: maharage, mbaazi, mchele wa Magugu. Yeye anauza, mimi napima. Babu anageuza debe tupu, anakaa, anakunja mguu mmoja juu ya mwingine kama yuko ofisini. Hanunui kwanza. Kwanza anazungumza.

Siku jambo hili lilipoanza alikuja amenuna kidogo. Shangazi alimwuliza kama ni meno. Akasema si meno, ni Joyness. Joyness ni binti yake, yuko hukohuko Uingereza, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Alikuwa amepiga simu kumwambia kwamba serikali ya kule imetangaza nyongeza ya pensheni ya mwakani. Shangazi akasema basi si angecheka, nyongeza si msiba. Babu akasema hiyo nyongeza yeye haimhusu.

Akaeleza, na alieleza polepole, maana watu wa vibanda vya jirani nao walikuwa wamesogea. Kule, alisema, kila mwezi wa nne pensheni inapandishwa kufuata bei za vitu. Mkate ukipanda, na pensheni inapanda. Lakini hiyo ni kwa anayeishi kule, au aliyehamia nchi yenye mkataba nao. Tanzania haina mkataba huo. Kwa hiyo yeye alibaki na kiwango kilekile cha siku aliyostaafu akaja Babati. Mwenzake mmoja, Xaveri, mtu wa kisiwa cha Morisi, waliendesha naye njia moja, wakastaafu mwaka mmoja. Xaveri akarudi kwao. Morisi wana mkataba. Sasa hivi Xaveri anapata karibu mara mbili ya anachopata yeye, na Xaveri alikuwa dereva mbaya, alikuwa anapanda kingo za barabara.

Shangazi aliacha kupepeta maharage. Alikuwa amesikia neno moja tu katika yote hayo.

"Baba Joyness, unaniambia umekuwa mteja wao miaka kumi na sita na hawajawahi kukupa nyongeza?"

Hapa inabidi niseme, maana kwetu sokoni nyongeza ni kitu kinachojulikana. Ukipima sado ya maharage, kile kindoo chetu cha kupimia, unaijaza mpaka inakuwa na kilima. Mteja anafungua mfuko, unamimina. Halafu unachota kiganja kingine, unamwagia juu. Hicho kiganja ndicho nyongeza, hakilipiwi. Ukisahau, mteja anasimama tu na mfuko wake wazi anakutazama, na wewe unaona aibu.

Babu alijaribu kusema kwamba hii nyongeza na ile ni vitu viwili. Shangazi akamwambia nyongeza ni nyongeza, aseme tu kama aliomba. Alikuwa ameomba. Ameandika barua tatu tangu aje, na zote zimejibiwa vizuri, kwa heshima, kwamba hapana.

"Uliomba umesimama palepale," Shangazi alisema. "Ndiyo kosa lako. Anayesimama hapewi. Unatakiwa uondoke."

Wote waliokuwepo wakakubali, hata muuza vitunguu ambaye kwa kawaida hakubaliani na Shangazi kwa lolote. Ndivyo ilivyo. Mteja akiona muuzaji ana mkono mgumu, anakunja mfuko wake anaondoka. Hagombi wala hatukani. Anatembea, na hageuki nyuma, ukigeuka umeshashindwa. Hatua ya tano, ya sita, muuzaji anaita: mama, rudi basi, njoo nikuongeze. Babu alikuwa amesimama kwenye kile kibanda cha Waingereza miaka kumi na sita, mfuko wazi. Watamwita vipi, na hajaondoka?

Babu alicheka mpaka akakohoa. Nadhani kama asingecheka, mambo yangeishia pale. Lakini alicheka, na Shangazi akiona mtu anacheka huchukulia kwamba amekubali. Akanikabidhi biashara, akamshika Babu mkono, wakaenda kwa Melkior.

Melkior ana steshenari nyuma ya soko, anapiga chapa na kutoa kopi. Ni kijana wa mjini. Kila akimwona Babu anamwambia, "Mambo, Babu," na Babu kila siku anamjibu, "Marahaba," hadi Melkior anachoka, anatoa shikamoo yake. Siku hiyo walikaa humo muda mrefu. Shangazi alikuwa anasema kwa Kiswahili, Babu anageuza kuwa Kiingereza, Melkior anachapa. Kopi ya Kiswahili Shangazi aliibandika kibandani kwetu, kwa hiyo naijua kwa kichwa. Ilisema hivi:

"Habari za siku nyingi. Habari za mvua. Mimi ni mteja wenu wa zamani na sijawahi kuwakosea. Nimesimama hapa miaka kumi na sita na sijaona nyongeza, na wenzangu wanapewa mbele ya macho yangu. Sina ugomvi na mtu. Lakini kuanzia leo naondoka."

Babu alisita pale pa kuondoka. Alisema watu wa ofisi hawajui mambo ya sado. Shangazi akasema watu ni watu. Babu akaweka sahihi, na alipotoka kwa Melkior alikuwa anatembea kama kijana aliyetoka kununua viatu.

Majibu yalikuja mwezi wa pili. Babu alikuja nayo sokoni Jumamosi, bahasha imefunguliwa, na uso wake sikuuelewa. Shangazi hakungoja asome. Aliona bahasha nene, akapiga makofi, akawatangazia jirani wote.

"Si nilisema? Wameita."

Muuza vitunguu akaleta vitunguu vitatu vya pongezi. Mwenye mchele akaleta mchele. Babu anasema subirini, hakuna anayesubiri. Mpaka walipotulia ndipo akawasomea. Ile ofisi ilikuwa imeandika: asante kwa kutufahamisha kwamba unaondoka Tanzania. Tafadhali jaza fomu hii, utaje nchi unayohamia na tarehe ya kuondoka. Na nyuma ya fomu kulikuwa na orodha ya nchi zenye mkataba, ambazo ukihamia huko, nyongeza unapata.

Halafu muuza vitunguu akauliza kama Singida imo.

Babu akajibu Singida haimo. Akawasomea zilizomo. Alipofika kwenye jina la Morisi watu wakaamka, maana ndiko kwa Xaveri, na palepale wakaanza kumjadili Babu kana kwamba amekwisha kuhama. Kama Morisi wanakula ugali. Kama wana mbaazi. Kama kisiwa hakiwezi kuzama mtu amelala. Mmoja akamshauri ahamie, apokee nyongeza ya mwezi mmoja, kisha arudi kimyakimya. Babu akasema ukirudi tu unarudishwa kwenye kiwango cha zamani, wanajua. Yule akasema basi hao si wauzaji, hao ni polisi.

Walicheka sana siku hiyo. Lakini Babu aliondoka mapema, na ile fomu aliikunja mara nne. Sasa alikuwa na barua yake mwenyewe, yenye sahihi yake, inayosema anaondoka, na kuna mtu mahali fulani anasubiri kuambiwa anakwenda wapi. Asipojibu hakujua watafanya nini. Ilibidi ampigie Joyness amweleze.

Joyness alicheka kwanza, Babu alituambia. Halafu akasema neno ambalo Babu alilirudia kwetu mara mbili: "Baba, kama umeshawaambia unaondoka, basi ondoka kweli. Njoo kwangu." Kule nyongeza ingeanza siku atakayofika. Ana chumba. Yeye anaogesha wazee wa watu wengine kila siku na baba yake yuko peke yake Bonga anahesabu mabasi. Atakuja Pasaka, amchukue, waende pamoja Dar kupeleka maombi ya viza.

Basi kuanzia hapo jambo halikuwa tena la nyongeza. Lilikuwa la Babu kubaki au kwenda. Hakuwa anataka kwenda, hilo kila mtu aliliona. Alianza kupaka rangi uzio, na mtu anayehama hapaki rangi uzio. Lakini Joyness ni mtoto wake pekee, na Babu hajui kumwambia hapana. Alituambia mwenyewe kwamba alimwambia hapana mara moja tu maishani, Joyness akiwa msichana wa shule kulekule. Alikimbilia basi la baba yake, akafika kituoni dakika moja imepita, na Babu akaondoa basi. Alimwona kwenye kioo, kwenye mvua, anapunga daftari. Joyness hakuongea naye siku tisa. Bibi Ester aliongea naye, lakini si maneno mazuri.

Joyness alifika Alhamisi Kuu. Ni mwanamke mrefu, mchangamfu, anacheka kama baba yake, kwa kukohoa mwishoni. Jumamosi wakaja wote sokoni. Aliwapa wakubwa wote shikamoo, hata mimi nusura anipe. Alitaka kununua vitu vya sikukuu.

Nilimtazama anavyonunua. Anauliza bei, anatoa hela, anachukua, anaondoka. Muuza vitunguu ilibidi amkimbilie na vitunguu viwili mkononi, anamwita dada, dada, umesahau nyongeza yako. Joyness akadhani anadaiwa kitu, akafungua tena pochi.

Halafu akawa anamtazama baba yake. Babu alikuwa anapita kibanda kwa kibanda, na kila alipopita mkono ulichota kitu: kiganja cha mchele, nyanya mbili, bamia, kipande cha tangawizi. Yeye anafungua tu mfuko, anaendelea na hadithi. Alipofika kwetu mfuko ulikuwa umejaa, na alikuwa amelipia labda nusu yake. Shangazi alimpimia mbaazi, akajaza kilima, akaongeza kiganja, akaongeza na kingine kwa sababu ya Pasaka.

Joyness alimvuta Shangazi pembeni, lakini pembeni pa kibanda chetu ni palepale nilipo. Macho yake yalikuwa yamebadilika. Akamwuliza kwa sauti ndogo tangu lini baba yake anaishi kwa kusaidiwa. Kwa nini hakuna aliyemwambia. Yeye angetuma zaidi, angechukua zamu za ziada, kuliko mzee wake apite na mfuko kwa watu.

Shangazi yangu hukasirika kwa kunyoosha kanga. Aliinyoosha.

"Binti yangu, hii si sadaka. Sadaka tunatoa kanisani. Nyongeza anapewa mtu wako. Mpita njia hapewi nyongeza, anapimiwa anaondoka. Baba yako si mpita njia hapa."

Joyness alikaa kwenye lile debe la baba yake, akachukua mbaazi moja kwenye gunia, akawa anaiviringisha kwenye vidole. Baadaye akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, kwamba kwa hiyo kule alikofanya kazi miaka ishirini na nane yeye ndiye mpita njia. Shangazi akasema hilo hawezi kusema, hajafika kule. Ila sado ya watu unaijua kwa kiganja cha mwisho.

Tukafikiri yameisha. Hayakuisha. Jumatatu ya Pasaka tulialikwa Bonga kula, na ilikuwa siku nzuri sana, mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, mlima Kwaraa ukatokea wote hadi kileleni. Joyness alipika pilau, akaiunguza kidogo, Babu akasema hilo tandu la chini ya sufuria ndilo alilokuwa analitamani. Melkior alikuja na spika yake. Shangazi na muuza vitunguu walicheza pamoja, na hilo sikutegemea kuliona duniani.

Alasiri tukiwa tunaosha vyombo Joyness alimwambia baba yake, mbele yetu, kwamba anajua anapendwa hapa. Ameona. Lakini yeye akirudi jioni kutoka kazini anafungua mlango na hakuna mtu wa kumwambia umechelewa. Alisema hivyohivyo, na akacheka, lakini machozi yalikuwa yanashuka, akawa anayafuta kwa mkono wenye povu. Babu alimtazama. Aliweka sahani aliyokuwa anaifuta. Akasema, "Haya. Tutakwenda."

Tuliporudi mjini, Melkior alizima spika.

Siku ya Jumanne Babu hakuja kukaa kwetu. Nilimwona anapita nyuma ya soko, kofia kichwani, anaingia kwa Melkior. Alikaa humo kama nusu saa. Alipotoka alitupungia mkono kwa mbali. Nilikwenda kumwuliza Melkior alichofuata, nikamkuta anacheka peke yake, kichwa ameweka juu ya mashine. Hakutaka kuniambia. Alisema Babu amemlipa buku mbili ya kopi na buku tatu ya kunyamaza.

Jumatano ndiyo siku ya safari. Basi la Dar huondoka stendi saa kumi na mbili asubuhi, na mimi na Shangazi tulikuwepo kwa sababu alikuwa anampelekea Damasi, mwanawe aliyeko Dar, gunia la mchele. Au ndivyo alivyosema. Gunia lenyewe halikujaa.

Kulikuwa kumekwisha pambazuka. Matope yalikuwa yamejaa stendi yote na watu wanaruka kama mbuzi. Babu alikuwa amekaa dirishani, suti ya kijivu, kofia juu ya magoti, Joyness pembeni yake anapanga vitu. Tukaagana nao kupitia dirisha. Shangazi alijitahidi sana, alimwambia Babu akifika awasalimie, halafu akashindwa kutaja awasalimie akina nani. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Dereva alikuwa bado anakunywa chai kwenye kibanda cha chapati. Babu alitazama saa yake mara moja.

Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa koti, akampa binti yake.

"Nishikie hii. Nakwenda kununua maji."

Akavaa kofia, akashuka. Aliwapisha waliokuwa wanapanda, aliomba radhi kila hatua, kama kawaida yake. Alipotufikia akasalimia.

"Mama Damasi, umeamkaje?"

"Salama, Baba Joyness. Unakwenda wapi tena?"

"Maji," akasema.

Pale mlangoni pa basi kulikuwa na mama mwenye beseni la maji ya chupa. Babu alimpita. Kwenye ofisi ya tiketi kulikuwa na mwingine, ana maji baridi kabisa kwenye boksi. Alimpita na huyo. Shangazi alinitazama. Nami nikamtazama. Akashika mkono wangu, akaubana mpaka ukauma.

Dereva alikuja, akawasha gari, akapiga honi mbili. Kondakta akahesabu vichwa, akauliza mzee wa kiti cha dirishani yuko wapi. Joyness akachungulia nje. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatutazama sisi, na sisi tukatazama matope. Hapo ndipo alipoikumbuka karatasi.

Ilikuwa kopi ya ile fomu. Alitusomea kupitia dirisha, kwa Kiswahili, anageuza taratibu. Nchi unayohamia: Tanzania. Tarehe ya kuondoka: pamepigwa mstari. Na chini kabisa, kwa kalamu, kwa maandishi makubwa yanayosimama wima:

"Joyness mwanangu, hii nimeituma jana. Mimi nimeshafika. Wewe ndiye uje, mwezi wa nane, mbaazi zitakuwa zimekomaa, na ukae mpaka uchoke. Nilikuambia ndiyo kwa sababu ulikuwa unalia. Sasa hulii, kwa hiyo nakuambia ukweli. Baba."

Alikaa na ile karatasi kidogo. Abiria wa nyuma walikuwa wameanza kunung'unika. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni kilio, kumbe ni kicheko, kile cha kukohoa mwishoni, na kilipoanza hakikukatika. Akaegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele anacheka. Shangazi naye akaanza. Muuza chapati akaanza, na hakujua hata tunacheka nini.

Kondakta alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Dada, tumsubiri mzee au vipi?"

"Usimsubiri," Joyness alisema, anajifuta macho kwa ile fomu. "Huyo harudi. Mwambie dereva twende."

Nilipanda juu ya gunia letu la mchele nione. Babu alikuwa amekwisha vuka geti la stendi, ameshika upande wa barabara ya Bonga, kofia imekaa sawa, anaruka madimbwi moja moja. Watu walikuwa wanamsalimia na anawajibu huku anatembea. Basi lilitoka nyuma yake, likakata kona upande mwingine, yeye akaendelea.